Kufuatilia marobota, kamba na mashine kwa tagi za RFID: mwongozo kutoka stoo ya Tanga

Watu wa stoo wanaponiuliza habari za RFID, yaani kutambua vitu kwa mawimbi ya redio, wengi huanza na bei ya tagi, ile lebo ndogo inayofungwa kwenye mali. Mimi huanzia kwingine: ni swali gani mnaulizwa kila wiki pale kiwandani na hamwezi kulijibu mpaka mzunguke ghala zima? Liandikeni hilo kwanza. Nasimamia stoo katika kiwanda cha kusokota kamba za katani upande wa Pongwe, na kwetu maswali yalikuwa matatu. Marobota ya daraja fulani yamebaki mangapi, na lipi liliingia mwanzo? Roli la kamba lililorudishwa na mteja lilitokana na katani ya shamba gani? Na mota ya akiba iliyopelekwa kusukwa upya, iko kwa fundi au imesharudi?

Kila swali hapo linataka tagi yake, kisomaji chake na mahali pake. Mkinunua tagi kabla ya kuandika maswali mtakuwa na boksi la vibandiko na hamjui mvibandike wapi. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na kazi ya RFID ni ileile ya daftari, ila hili linajiandika mzigo unapopita.

Kitu kingine cha kuamua mapema: je, mnahitaji RFID kweli? Kama mali yenu ni chache, haihami sana, na karani anaweza kuifikia kila moja kwa mkono, bakodi inatosha na ni rahisi mno. RFID inalipa pale ambapo vitu ni vingi, vinapita kwa kasi, vimepangwa juu kwa juu, au vumbi na mafuta yanafuta bakodi. Kiwanda cha katani kina yote hayo.

Tagi inafanyaje kazi

Tagi ya kawaida ina chipu ndogo na antena nyembamba, haina betri. Kisomaji kinatoa mawimbi ya redio kupitia antena zake. Tagi inachota nguvu kidogo kutoka katika mawimbi hayohayo, chipu inaamka, kisha inayarudisha mawimbi ikiwa imeyatia namba yake. Wazo hili si jipya. Harry Stockman aliandika mwaka 1948 juu ya kuwasiliana kwa nguvu inayoakisiwa, na mwaka 1973 Mario Cardullo alipewa hataza Marekani kwa tagi yenye kumbukumbu ya kuandikika. Kilichofungua mlango wa viwanda ni kiwango cha Gen2 cha mwaka 2004, kwa kuwa tangu hapo tagi ya kampuni moja husomwa na kisomaji cha kampuni nyingine. Mnaponunua, ulizeni hilo kwanza: ni Gen2, yaani ISO 18000-63? Kama muuzaji ana mfumo wake peke yake, siku akifunga duka nanyi mmefungwa.

Masafa yako ya aina tatu. Yale ya chini, kilohezi 125 hadi 134, husomeka kwa karibu sana na ndiyo ya hereni za ng'ombe na baadhi ya kadi za milango. Ya megahezi 13.56 ndiyo ya kadi za malipo na simu. Yanafaa mtu anapogusisha kifaa. Ya juu, kati ya megahezi 860 na 960, ndiyo ya mlango wa ghala, kwa sababu tagi isiyo na betri inaweza kusomeka mita kadhaa, na kisomaji kimoja kinazisoma mamia kwa sekunde.

Hapa mnahitaji tahadhari. Nchi hazitumii kipande kilekile cha masafa hayo: Ulaya wanatumia 865 hadi 868, Marekani 902 hadi 928. Kisomaji kilichopangwa kwa ajili ya Marekani kikiwashwa hapa kinaweza kuingilia mawasiliano ya watu wengine. Kabla ya kulipa, mtake muuzaji aonyeshe kwamba kifaa kimeidhinishwa na TCRA, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, na kimewekewa mpangilio wa Tanzania. Karatasi hiyo iingie kwenye faili pamoja na ankara.

Chora njia ya mzigo kabla ya kitu kingine

Chukua karatasi kubwa, chora kiwanda, kisha tembea na mzigo mmoja kutoka unapoingia mpaka unapotoka. Kwetu robota la kilo 250 linashuka kwenye lori likitoka Korogwe au Muheza, linapimwa, linalala ghalani, linakwenda kufunguliwa na kuchanwa, nyuzi zinaingia kwenye mapipa, mapipa yanakwenda kwenye mashine za kusokota, kamba inazungushwa kuwa roli, roli zinapangwa kwenye paleti, paleti inakwenda bandarini au kwa mteja wa ndani.

Sasa weka alama pale tu ambapo jibu la swali lako linabadilika. Robota likivuka mlango wa ghala kwenda kuchanwa, hesabu ya ghala imebadilika: hapo pana haja ya kisomaji. Robota likisogezwa kutoka mstari wa tatu kwenda wa tano, hakuna kilichobadilika kwenye hesabu. Hapo kisomaji cha mkononi kinatosha. Kuna washauri watakaokuchorea antena kila kona ya paa. Milango miwili au mitatu iliyochaguliwa vizuri hutoa taarifa safi kuliko dari lililojaa antena, na nalisema hili kwa uzito wote.

Mahali pa kuweka tagi kwenye robota

Hapa ndipo kazi yenyewe ilipo, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Katani kavu haisumbui mawimbi. Maji yanasumbua, kwa sababu yanameza nguvu ya masafa haya. Chuma nacho kinasumbua kwa namna yake: kinarudisha mawimbi na kuivuruga antena ya tagi iliyolala juu yake. Kiwanda cha kamba kina vyote viwili. Robota lililonyeshewa njiani, au nyuzi zilizotoka kunyunyiziwa mafuta ya kulainishia yaliyochanganywa na maji, husomeka kwa shida. Na robota lililofungwa kwa waya lina chuma pande zote.

Shika robota, tafuta upande wa mwisho ambao waya haupiti katikati. Tagi ya karatasi yenye gundi usijisumbue nayo: gundi haishiki kwenye nyuzi, na vumbi la katani linaimaliza kabla ya jioni. Tunatumia tagi iliyofunikwa kwa plastiki, yenye tundu upande mmoja, inayofungwa kwa uzi wa nailoni ili ining'inie huru. Ikining'inia vidole viwili vitatu kutoka kwenye waya, inasomeka. Ikilaliana na waya, inanyamaza. Mfungaji akumbuke pia kwamba robota litabebwa na foklifti: tagi isielekee kwenye bamba la chuma la foklifti, iwe upande utakaotazama miimo ya mlango. Na ifungwe baada ya robota kutoka kwenye mashine ya kukandamiza. Ikiingia humo itavunjika chipu, na kwa macho utaiona nzima.

Kwenye tagi ileile chapisha namba kwa maandishi ya kusomeka na bakodi. Siku tagi ikifa, karani asome kwa macho na kazi iendelee.

Mapipa ya nyuzi kwetu ni ya bati. Tagi ya kawaida juu ya bati ni hasara tupu. Nunua zile zilizotengenezwa kwa ajili ya chuma, zenye tabaka ndani linaloitenga antena na bati. Ni ghali zaidi, lakini pipa linakaa miaka na robota linaondoka, kwa hiyo tagi moja inafanya kazi kwa muda mrefu. Zifunge kwa rivti, karibu na ukingo wa juu ambako mapipa hayasuguani.

Mlango

Mlango wetu wa ghala una upana wa foklifti na nafasi ya ziada kila upande. Kila mwimo una antena mbili: moja kwenye kimo cha robota la chini, nyingine kwenye kimo cha robota lililopandishwa juu yake. Chagua antena za mzunguko, yaani zile ambazo mawimbi yake yanazunguka yanaposafiri, kwa sababu tagi inayoning'inia haina upande maalumu. Mara imesimama, mara imelala. Antena za mstari mmoja zinafika mbali zaidi lakini zinataka tagi ikae sawasawa kila wakati.

Wageni wa kazi hii huogopa tagi isiyosomeka. Inayosumbua zaidi ni tagi inayosomeka wakati haikupaswa kusomeka. Robota limelala mstari wa kwanza karibu na mlango, antena inaliona, na kompyuta inaandika kwamba limetoka. Robota lililokosa kusomeka utaligundua mara moja, kwa kuwa mtu analo mkononi na mfumo unalikataa. Lililoandikwa limetoka na halijatoka linakaa kimya mpaka siku ya kuhesabu stoku, na kufikia hapo watu wameshaacha kuiamini kompyuta.

Dawa zake ni hizi, na mara nyingi utahitaji zaidi ya moja. Punguza nguvu ya kisomaji mpaka isome kinachopita katikati ya mlango tu. Usiiache kwenye kiwango cha juu alichoiweka fundi siku ya maonyesho. Geuza antena zitazamane, zisitazame ndani ya ghala. Sogeza mstari wa kwanza wa marobota nyuma mita chache na upige rangi sakafuni, watu waheshimu. Pale ambapo nafasi haitoshi, simamisha wavu wa chuma kati ya mlango na mzigo uliolala. Wimbi la megahezi 866 lina urefu wa takriban sentimita 35, na wavu wenye matundu yasiyozidi sentimita 3 unalizuia vizuri. Ule wa kufugia kuku, wa matundu madogo, unafaa kabisa.

Kisha weka macho ya mwanga mawili, moja nje ya mlango na jingine ndani. Kisomaji kilale mpaka foklifti ikate mwanga. Likikatwa jicho la ndani kwanza, mzigo unatoka. Likikatwa la nje kwanza, unaingia. Bila hayo macho utajua robota limeonekana mlangoni, lakini hutajua lilikuwa linaelekea wapi.

Usisahau taa. Dereva wetu wa foklifti, mtu mzima aliyeanza kazi ya katani kabla sijazaliwa, aliniuliza mlango ulipowashwa: "Mwanangu, huu mlango unanisubiri mimi, au mimi ndiye niusubiri?" Nikamwambia, "Pita kwa mwendo wako, baba. Ikiwaka kijani endelea. Ikiwaka nyekundu, rudi nyuma kidogo upite tena." Akajaribu, akaridhika, na yeye ndiye aliyewafundisha vijana wa zamu ya usiku. Dereva asiyepewa jibu papo hapo hawezi kukusaidia, hata akipenda.

Kupima kabla ya kulipa salio

Usikubali jaribio la mezani. Chukua marobota kumi yenye tagi, makavu na mengine yaliyopata unyevu, yapitishe kwa foklifti mara ishirini kwa mwendo wa kawaida wa kazi, yakiwa moja moja na yakiwa mawili mawili. Karani asimame na daftari: yaliyopita, yaliyosomeka, yaliyosomeka bila kupita. Safu hii ya tatu ndiyo wauzaji huiruka. Rudia siku nyingine kukiwa na mvua, maana Tanga masika si kidogo, na sakafu iliyolowa inarudisha mawimbi tofauti na sakafu kavu. Malipo ya mwisho yafungwe na matokeo ya daftari hilo.

Namba na kompyuta

Kwenye tagi weka namba tu. Daraja la katani, shamba, uzito na tarehe vikae kwenye kompyuta vikiwa vimefungwa na namba hiyo. Sehemu ya namba kwenye tagi nyingi ni biti 96, inayotosha sana. Kama mzigo unasomwa na wateja wa nje, chukua namba zako GS1 Tanzania, shirika linalotoa namba za bakodi. Namba za bidhaa zinazotolewa hapa huanza na 620, na mfumo wao una aina ya namba kwa paleti, kwa vyombo vinavyorudi kama mapipa, na kwa mali ya kudumu kama mota. Kama ni za ndani tu, jitungie utaratibu wako, ila hakikisha hakuna namba inayojirudia. Tagi mpya zikifika zikiwa na namba za kiwandani zinazofanana, ziandike upya kabla hazijatoka stoo, kisha uzifunge kwa nywila ili mtu asizibadilishe.

Kisomaji kitaiona tagi moja mara nyingi wakati inapita mlangoni. Mhasibu hataki kuziona zote. Anataka mstari mmoja: robota fulani limetoka ghalani kwenda kuchanwa, saa fulani. Programu ya katikati ndiyo inayofanya mchujo huo, na ndiyo mnayopaswa kuikagua kwa makini kuliko kisomaji. Kubalianeni pia juu ya saa. Makarani wanaandika zamu imeanza saa 1 asubuhi, kompyuta inaandika 07:00. Ripoti ionyeshe saa kwa namna moja, la sivyo zamu mbili zitagombania robota moja.

Kuhusu lile swali la roli lililorudishwa na mteja, lazima niwe mkweli kwenu. Katani ya marobota kadhaa huchanganywa inapochanwa, kwa hiyo hakuna tagi itakayokwambia roli hili limetoka robota lile. Unachoweza kupata ni kundi: roli limesokotwa kutoka mapipa haya, mapipa yalijazwa kati ya saa hii na hii, na katika saa hizo marobota yaliyofunguliwa ni haya sita. Kutoka marobota sita unaweza kufika shamba moja au mawili, na hapo mazungumzo na shamba yanakuwa na ushahidi. Anayeahidi zaidi ya hapo haijui kazi ya kuchana nyuzi.

Mota, vifaa na mali ya kudumu

Hizi haziendi mlangoni kila siku, hivyo usizijengee mlango. Weka tagi ile iliyotengenezwa kwa ajili ya chuma kwenye kila mota, pampu, giaboksi na kifaa cha kupimia, na kisomaji kimoja cha mkononi. Mara moja kwa mwezi karani anatembea kiwanda chote akiwa nacho. Kinachosomeka kinajithibitisha, kisichosomeka kinatafutwa. Vyombo vya mafundi, kama spana za kupimia nguvu ya kukaza, vinafaa tagi za megahezi 13.56 na meza yenye kisomaji: fundi anagusisha kitambulisho chake, anagusisha chombo, anaondoka. Ukishaingiza vitambulisho vya watu, umeingia kwenye taarifa binafsi, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inakuhusu. Waambieni wafanyakazi kinachoandikwa na kwa nini. Msitumie tagi ya chombo kumhesabia fundi dakika za chooni. Heshima ikiondoka, tagi zitaanza kupotea.

Mota ikitoka kwenda kusukwa, isomwe getini na ipewe hali ya "kwa fundi" pamoja na tarehe ya kurudi. Kuna karakana mjini iliwahi kukaa na mota yetu mpaka kila upande ukaamini iko kwa mwenzake. Sasa orodha ya vilivyo nje inatoka kila Jumatatu.

Umeme, vumbi na chumvi

Umeme ukikatika, mlango ni mlango tu. Kisomaji na swichi yake viwe na betri ya akiba, na kisomaji kiwe na uwezo wa kutunza kilichosomwa mpaka seva irudi. Vumbi la katani linashika moto, kwa hiyo vifaa vyote viingie kwenye masanduku yaliyozibwa na kufutwa kwa ratiba, na fundi umeme ndiye mwenye funguo. Upepo wa bahari unakula viungio vya kebo za antena: vifunge kwa utepe usiopitisha maji na vifunguliwe kukaguliwa kabla ya kila masika. Kebo ziwe fupi kadiri inavyowezekana, maana kila mita inakula nguvu.

Mwisho, funga tagi moja ya kudumu kwenye mwimo wa mlango, mahali ambapo antena zote zinaiona, na uipe namba ambayo si ya mzigo wowote. Programu iamshe kisomaji kila baada ya dakika chache kuisoma. Isiposomeka, simu yangu inapata ujumbe, na fundi anaanza na kebo ya antena ya chini, kwa sababu hiyo ndiyo foklifti huifikia. Chini ya kila mwimo tumesimamisha nguzo fupi za zege, zisizofika kimo cha antena, na tangu hapo ujumbe huo umekuwa adimu.